Kutu ndani ya tangi la pikipiki ya zamani: dalili, vyanzo na namna ya kuitoa

Kabureta inayosafishwa leo na kuziba tena wiki ijayo mara nyingi haina kosa lolote. Inaletewa uchafu kutoka juu. Pikipiki za miaka mingi, kama Honda CG125, Yamaha AG100 na zile DT walizopewa mabwana shamba, Suzuki A100, pamoja na za Kichina zilizoigwa kutoka kwenye CG, nyingi zina tangi la bati la chuma. Bati hilo likikaa na maji kidogo chini na hewa tupu juu, huoza kuanzia ndani, mahali ambapo hakuna anayechungulia. Nje rangi inang'aa, ndani kuna matope mekundu.

Nimepanga kwa dalili, jinsi wenye pikipiki wanavyozieleza wakifika gereji. Chini ya kila dalili, chanzo kinachotokea sana kiko mwanzo na kile cha nadra kiko mwisho. Fuata mpangilio huo. Watu wengi hukimbilia kumwaga asidi kwenye tangi wakati shida ni tundu la hewa kwenye kifuniko, ambalo linazibuliwa kwa pini.

Kabla hujafungua chochote

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini sakafuni, unapita chini ya mlango, unafika kwenye jiko la mkaa la jirani au kwa fundi wa kuchomelea aliye kibanda cha pili. Fanya kazi nje, penye upepo, mbali na moto, sigara na kibatari. Chomoa waya wa betri upande wa hasi. Jaribu kukumbuka jambo hili moja, maana ndilo linaloua: tangi lililomwagwa mafuta ni hatari kuliko lililojaa. Lililojaa halina nafasi ya mvuke. Lililo tupu limejaa mvuke mtupu, na cheche moja inatosha.

Vaa glavu na miwani. Petroli ya zamani ihifadhi kwenye dumu lenye mfuniko. Usiimwage mtaroni.

Kisha pitisha sumaku juu ya tangi. Ikinasa, ni chuma, endelea. Isiponasa, una tangi la aluminiamu au plastiki, na tangi hilo halishiki kutu. Uchafu wako una asili nyingine, pengine mafuta yenyewe.

Kipimo cha kuanzia: mtiririko

Chomoa mpira wa mafuta upande wa kabureta, uelekeze kwenye chupa safi ya maji, ile inayoonyesha, fungua koki (swichi ya kufungulia mafuta iliyo chini ya tangi), kifuniko cha tangi kikiwa kimefungwa. Acha yatiririke kwa dakika moja au mbili huku ukitazama. Mtiririko mzima unatoka kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho. Mtiririko mgonjwa unaanza mnene, unakonda kama uzi, halafu yanabaki matone. Ukikonda, fungua kifuniko cha tangi bila kugusa kitu kingine. Mafuta yakirudi kwa nguvu, tatizo ni hewa, siyo kutu. Yasiporudi, kuna kitu kimeziba kwenye koki au chujio lake.

Weka ile chupa mahali tulivu kwa nusu saa. Maji yatakaa chini, yanaonekana kama tabaka lenye mpaka wake. Kutu itatua kama vumbi la rangi ya matofali. Ukipitisha sumaku nje ya chupa, vigamba vyeusi vitaifuata. Unga mwekundu laini huenda usiifuate, nao bado ni kutu.

Kuna koki zisizo na sehemu ya kufunga, zinazofunguka kwa mvuto wa injini kupitia mpira mwembamba wa pili. Hizo hazitatoa kitu injini ikiwa imezimwa mpaka uzigeuze kwenye alama ya PRI. Usiseme imeziba kabla ya kuangalia hilo.

Inakwenda kilomita chache, inazima, ikipumzika inawaka tena

Kwanza, chujio la koki lililo ndani ya tangi limevikwa kutu. Injini inakunywa haraka kuliko mafuta yanavyopita. Bakuli la kabureta linakauka, injini inazima, ukisubiri bakuli linajaa pole pole. Mwendo wa taratibu mjini huenda usisikie chochote, ila ukipanda mlima au ukifungua resi barabara kuu ndipo inakufa.

Pili, tundu la hewa la kifuniko limeziba. Mafuta yanaposhuka bila hewa kuingia, tangi linajivuta. Ukifungua kifuniko baada ya kuzima ukasikia sauti ya "fyuu", umepata jibu. Kwenye njia za vumbi na kwa waliofunika kifuniko kwa nailoni ili maji yasiingie, hii hutokea sana.

Tatu, mpira wa mafuta umepondeka au umekunjwa chini ya tangi. Nne, kuna filta ya gari iliyopachikwa njiani. Filta nyingi za gari zimetengenezwa kwa pampu inayosukuma. Pikipiki ya kabureta inategemea mafuta yashuke yenyewe, na filta ya namna hiyo huyabana.

Tano, na hili si la mafuta kabisa: koili ya moto wa plagi inayokufa ikipata joto. Utalitambua hivi. Papo hapo inapozima, kinga chupa chini ya kabureta ulegeze skrubu ndogo ya kumwagia iliyo chini ya bakuli. Mafuta yakitoka kwa wingi, kabureta ilikuwa na chakula chake. Kakague moto wa plagi. Angalia tu yasidondokee ekzosi iliyo moto.

Tiba ya chanzo cha kwanza: mwaga tangi lote, vua koki, toa chujio lake. Lioshe kwa petroli na mswaki laini. Likiwa limechanika, badilisha, kwa sababu chujio lenye tundu halina tofauti na kutokuwa nalo. Raba zake nazo ziangalie. Zilizokakamaa zitavuja ukirudisha.

Iko sawa kwenye ON, ukiigeuza riziva inazima

Dalili hii ni ya kutu karibu kila mara, na inachekesha namna inavyokuja siku usiyo na pesa ya mafuta. Ukiwa kwenye ON, koki inanyonya kupitia bomba refu lililosimama juu kidogo ya sakafu ya tangi. Riziva inanyonya kutoka chini kabisa, palepale maji na matope yalipolala miaka yote. Mwendeshaji ambaye hujaza kila mara hajawahi kuonja kilichoko chini.

Cheki kwa kufanya kipimo cha mtiririko mara mbili, mara moja kwenye ON na mara moja kwenye riziva, kila moja na chupa yake. Ukiona tofauti ya rangi kati ya chupa hizo, usiitumie riziva tena mpaka tangi lioshwe. Wapo wanaoishi hivyo kwa miaka, wakijaza mapema. Ni ujanja unaofanya kazi mpaka siku barabara mbaya inapoyatikisa yale matope.

Kabureta inamwaga mafuta pikipiki ikiwa imesimama

Punje moja ya kutu, ndogo kuliko punje ya ulezi, ikikaa kati ya sindano ya boya (inayofunga mafuta bakuli likijaa) na kitako chake, inatosha kuacha mafuta yatiririke usiku kucha. Ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote. Gonga bakuli la kabureta taratibu kwa mpini wa bisibisi, mara mbili tatu. Wakati mwingine punje inatoka na kumwaga kunakoma. Ukiona hivyo, umepata ahueni ya muda na uthibitisho wa chanzo.

Ikiwa kugonga hakusaidii, sindano imechongeka kwenye ncha: itazame juani, ukiona mfereji unaoizunguka, imekwisha. Baada ya hapo fikiria boya lililotoboka na kujaa mafuta, litikise sikioni usikie kama lina kitu ndani. Mwisho kabisa ni kimo cha boya kilichopindishwa na fundi aliyetangulia.

Mafuta yanayomwagika hayaishii nje tu. Kwenye pikipiki nyingi hupita kwenye injini na kushuka kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili unuse. Ikinuka petroli, au kimo kimepanda kuliko ulivyoacha, usiiwashe. Oili iliyochanganyika na petroli hailainishi. Beringi zinaweza kusagika ndani ya safari moja. Mwaga oili, tia mpya, rekebisha kabureta kwanza. Na ukipiga kiki ikagoma kabisa, kama imegonga ukuta, usiilazimishe kwa kusukuma na kuingiza gia: silinda imejaa petroli. Toa plagi, weka waya wake mbali, piga kiki pole pole itapike nje. Kama bado imegoma, mwite fundi wa injini.

Inawaka kwa choki tu, ukiachia resi inazima

Jeti ndogo, ile inayopitisha mafuta injini ikizunguka taratibu, imeziba. Tundu lake ni jembamba kiasi kwamba unga laini wa kutu uliopita kwenye chujio unatosha. Izibue kwa hewa ya kompresa na petroli, au kwa uzi mmoja wa waya wa taa uliochomolewa kwenye msokoto wake. Usiingize sindano ya kushonea wala waya wa breki: shaba ya jeti ni laini, na tundu likipanuka pikipiki itakunywa mafuta mpaka ununue jeti nyingine. Baada ya kuzibua, rudi kwenye tangi. Jeti haikujiziba yenyewe.

Inakohoa na kumisi baada ya mvua au baada ya kuoshwa

Hapa chanzo ni maji, na maji ndiyo baba wa kutu yote unayoiona. Anza na raba ya kifuniko. Ikiwa bapa na ngumu kama ganda, inapitisha. Kwenye matangi ambayo kifuniko kimelala sawa na bati, mdomo umezungukwa na mfereji mdogo wenye tundu la kutolea maji ya mvua. Tundu hilo likizibwa na vumbi, maji yanasimama pale juu, na siku unayofungua kifuniko kujaza, yanaingia ndani yote. Lizibue kwa waya.

Chanzo kinachofuata ni petroli ya chupa ya pembeni mwa barabara, iliyokaa kwenye madumu yasiyo na mifuniko. Kisha kuna umande. Tangi lililo nusu tupu hupumua: mchana hewa inatanuka na kutoka, usiku inasinyaa na kuvuta hewa mpya yenye unyevu, ambao unaganda kwenye bati baridi na kuteremka chini. Pwani, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Mtwara na visiwani, hewa hiyo ina chumvi pia, na pikipiki iliyolala msimu mmoja wa masika na tangi nusu inaweza kukupa kutu ambayo bara ingechukua muda mrefu zaidi.

Maji kidogo hutoka kwa kumwaga bakuli la kabureta na kuchuruza tangi kupitia riziva. Hakuna haja ya kufanya zaidi ya hapo, isipokuwa chupa yako ilionyesha wekundu.

Kabureta inaziba tena na tena

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Likaushe tangi, liache wazi mpaka harufu ipungue, kisha mulika ndani kwa tochi ya betri. Funga kitambaa cheupe kwenye kidole au kijiti na usugue ukuta wa ndani mahali unapofika. Kama bati lina madoa ya kahawia lakini kitambaa kinatoka na weusi kidogo tu, liache. Kutu iliyoshikamana na isiyobanduka haiendi kwenye kabureta, na kila mara unapotia asidi unapunguza unene wa bati. Osha, weka chujio zima la koki na filta ndogo ya pikipiki, basi. Kama kitambaa kinatoka chekundu, au ukitikisa tangi unasikia mchanga, endelea na hatua hizi.

Vua tangi, koki, kifuniko na geji ya mafuta kama ipo. Geji haitakiwi kuonja asidi. Ziba tundu la koki na la geji kwa vipande vya bati na raba iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu. Rangi ya nje ikinge kwa grisi kuzunguka mdomo.

Anza na sabuni. Hatua hii inarukwa na karibu kila mtu. Petroli ya zamani hugeuka utomvu wenye harufu ya rangi ya mafuta, unaganda juu ya kutu, na asidi haiwezi kupenya. Maji ya moto na sabuni ya unga, tikisa, acha saa kadhaa, suuza, rudia mpaka maji yasifanye utelezi wala kunuka petroli. Hapo pia ndipo unapoondoa mvuke.

Kisha toa kilicholegea kwa kusugua. Cheni nyembamba ya mita moja ni bora kuliko nati na kokoto, sababu inatoka yote kwa mvuto mmoja. Ifunge waya kwenye ncha moja, waya ubaki nje. Ukitumia nati, zihesabu zinapoingia na uzihesabu zinapotoka. Kokoto sizipendi, zinavunjika na kukuachia mchanga mpya. Tia maji ya sabuni kidogo, fungia tangi kwenye gunia au blanketi, litikise ukiligeuza kila upande, hasa sehemu ya chini nyuma na ule mgongo wa katikati unaopanda juu ya fremu. Maji yanayotoka mara ya kwanza huwa kama chai ya rangi iliyokolea. Rudia mpaka yapauke.

Sasa dawa. Siki ya dukani ina asidi ya asetiki ya takriban asilimia 5, inafanya kazi, lakini lazima tangi lijae mpaka mdomoni, na kununua lita kumi na zaidi za siki si mchezo. Chaguo langu ni asidi ya sitriki, ule unga mweupe mchachu unaouzwa kwenye maduka ya malighafi za sabuni na juisi. Gramu 50 hadi 100 kwa kila lita ya maji ya moto. Jaza mpaka mdomoni, kwa sababu sehemu iliyobaki nusu ndani ya maji na nusu hewani huliwa zaidi. Usifunge kifuniko, gesi inahitaji kutoka. Chungulia kila baada ya saa chache. Kutu nyepesi huisha kwa saa sita hivi, nzito inafika usiku mzima. Usiipitishe saa 24. Asidi ikimaliza kutu inaanza kula bati. Ndimu na ukwaju vinang'arisha sufuria za shaba, ndiyo, lakini ndani ya tangi vitakuachia nyama na sukari kwenye pembe usizozifikia.

Maji ya betri na asidi ya kusafishia choo usitumie. Vyote hutoa kutu kwa haraka, na haraka hiyo hiyo ndiyo ubaya wake. Hula bati, hula risasi ya viungo vilivyochomelewa, hubabua rangi, na moshi wa ile ya choo unachoma mapafu. Bati lililooshwa kwa asidi hiyo hushika kutu mpya mbele ya macho yako.

Kwa tangi lililooza sana lakini bado halijatoboka, ipo njia ya umeme. Jaza maji yenye kijiko kikubwa cha soda ya kiwandani (soda ash, siyo kostiki) kwa lita, ile ya watengeneza sabuni, mfano wa ile inayochimbwa Ziwa Magadi nchini Kenya. Magadi ya sokoni yana chumvi na udongo, hayafai hapa. Ning'iniza kipande cha nondo kupitia mdomo bila kugusana na tangi. Chanya ya chaja ya betri ya volti 12 kwenye nondo, hasi kwenye tangi. Ukigeuza, utalila tangi lako badala ya nondo. Usitumie chuma cha pua. Kinatoa kemikali za kromiamu zenye sumu. Kinachopanda kama povu ni haidrojeni, inayolipuka, kwa hiyo fanya nje, na zima chaja ukutani kabla ya kugusa vibanio. Kama hujawahi kushika chaja ya betri, usijifunzie hapa.

Mwaga asidi, suuza haraka, kisha jaza maji yenye vijiko viwili vya baikaboneti ya kuokea kwa lita ili kuua uchachu uliobaki. Baikaboneti tupu, siyo hamira. Suuza tena, na kuanzia hapo usikae.

Nimeosha ikawa nyeupe, jioni imerudi rangi ya chungwa

Hilo ni lalamiko la kawaida kuliko yote ya waliofanya kazi hii, na linaniambia kwamba nguvu nyingi zilikwenda kwenye kutoa kutu na kidogo kwenye kukausha. Bati lililovuliwa kutu liko uchi. Unyevu wa robo saa unatosha.

Chanzo cha kwanza ni kuliacha lijikaushe juani likiwa limesimama; maji yanajificha kwenye kingo za chini. Baada ya maji ya mwisho, mimina nusu lita ya spiriti, izungushe kila kona, imwage. Inabeba maji na kukauka nayo. Ndipo upulize hewa. Fundi wa matairi ana kompresa, lakini mwambie amwage kwanza maji ya chini ya mtungi wake, la sivyo atakupulizia ukungu uleule unaoukimbia. Usiweke moto wala kikausha nywele baada ya spiriti, nayo inashika moto.

Chanzo cha pili ni asidi isiyouawa kwenye mishono. Chanzo cha tatu ni kungoja. Likishakauka, siku hiyo hiyo, tia nusu lita ya petroli iliyochanganywa na oili ya tusitroku (ya injini za tu-stroke), kama sehemu moja kwa ishirini, geuza tangi pande zote mpaka ukuta mzima ulowe, mwaga ziada. Kama hulifungi leo, liache na mafuta hayo, na ukilifunga, lijaze mpaka juu.

Ikirudi kama ukungu mwepesi wa rangi ya chungwa usiotoka kwenye kitambaa, usianze upya. Paka mafuta, endelea na maisha.

Tangi linatoa jasho, rangi imevimba, au linadondosha

Rangi iliyovimba kama lengelenge upande wa chini ni tundu linalokuja. Mara nyingi kutu ndiyo iliyokuwa inaziba tundu hilo, na baada ya kuosha linajitokeza. Hakikisha kwanza siyo raba ya koki inayolowanisha chini. Ifute, paka unga wa chaki, tazama unyevu unaanzia wapi.

Njiani, sabuni ya kipande ikisuguliwa kavu juu ya tundu dogo inazuia petroli kwa muda, kwa sababu petroli haiiyeyushi. Inakufikisha gereji, haikufikishi mwezi ujao. Gundi ya chuma ya sehemu mbili, inayosema wazi kwenye pakiti kwamba inavumilia petroli, hudumu zaidi kwenye bati lililokwanguliwa na kukauka.

Koti la ndani linalomiminwa tangini nalitetea kwa tangi lenye vitundu vidogo tu na ambalo huwezi kupata jingine. Likipakwa juu ya mafuta au unyevu, linabambuka na kuingia kwenye koki kama ngozi ya maziwa, na kulitoa ni kazi mbaya kuliko kutu. Kama tangi ulilonunua lina koti linalobanduka, lipeleke kwa mtu aliyewahi kuliondoa. Viyeyusho vyake vina sumu na moto.

Na hapa simama: usichomelee. Usimpelekee pia kijana wa madirisha anayesema atalichoma dakika mbili. Kuosha kwa sabuni mara moja hakuondoi petroli iliyonyonywa kwenye kutu na mishono. Joto linaitoa kama mvuke, na tangi linapasuka usoni. Kazi hii ni ya fundi wa matangi anayejua kulichemsha na kulijaza maji au gesi isiyowaka mpaka karibu na sehemu anayochoma. Ukimuuliza analijazaje na akacheka, ondoka. Tundu likiwa kubwa kuliko kichwa cha kiberiti, au ukibonyeza bati kwa dole gumba likabonyea, tafuta tangi jingine la spea.

Tangi safi, kabureta safi, na bado haiwaki

Angalia koki: imefungwa, au imerudishwa ikiwa imegeuzwa nyuma mbele. Mpira wa mafuta una hewa au umebanwa chini ya tangi uliporudisha. Spiriti iliyobaki imeshuka kwenye bakuli, mwaga bakuli. Plagi imelowa na mafuta yenye oili, ifute au badilisha. Waya wa betri haujarudishwa.

Ikiwaka itatoa moshi wa bluu kidogo mpaka oili ya tangini iishe. Weka filta inayoonyesha ndani, na iangalie kila ukijaza. Mara mbili za mwanzo itakuwa na wekundu, ibadilishe. Ikiendelea kuwa nyekundu baada ya hapo, kuna kona haikusuguliwa, na mara nyingi ni ile iliyo nyuma ya mgongo wa fremu, upande usio na koki.